Theluji ya Kibo na Mizani ya Kweli

Kitabu cha William Desborough Cooley, Inner Africa Laid Open, kilichotolewa London mwaka 1852, chafaa kusomwa na kila aitafutaye kweli. Si kwa usahihi wake, bali kwa kosa lake. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Cooley, ambaye hakuwahi kuuona mlima huo, alikanusha.

Kushuku si kosa. Shaka ni mlango wa elimu. Kosa la Cooley ni kusimama mlangoni asiingie. Alipima maandishi kwa maandishi, akadhani kuwa lisilokubaliwa na hoja yake halimo duniani. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda kupita mita 4,000, theluji ikawaangukia.

Lakini tusimpe Rebmann sifa zote. Alipouliza juu ya weupe ule, kiongozi wake aliuita baridi: neno moja, lenye ushahidi kuliko kurasa nyingi za Cooley. Wachaga waliishi chini ya Kibo miaka yote hiyo. Katika mabishano yale ya London, nani aliyetaka kuwasikia? Mhakiki asiyemwuliza mwenye kujua hulinda hoja yake tu, kweli haitafuti.