Bahari ni ya Wote, Sauti ni ya Mtu: Mvuto wa Nancy Drew

Wahakiki wengi wamezoea kuzipita riwaya za upelelezi za vijana bila ya kuziamkia. Husemwa kwamba zote zimetolewa katika kalibu moja, na kwamba aliyekisoma kitabu kimoja amevisoma vyote. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Lakini chungu naye ana hoja yake, na inafaa aulizwe ni utamu gani anaouonja pale ambapo wakubwa wanaona makapi matupu.

Mfano ulio mashuhuri mno ni Nancy Drew, msichana mpelelezi wa Kimarekani, ambaye vitabu vyake vitatu vya mwanzo vilitoka Aprili 1930, na ambaye mfululizo wake wa asili ulifikia vitabu 56 mwaka 1979. Nancy ana umri wa miaka 16, hana mama, baba yake ni mwanasheria, na anaendesha gari yake mwenyewe katika mji wa kubuni wa River Heights. Katika kitabu cha kwanza, The Secret of the Old Clock, mzee Josiah Crowley amefariki, na mali yake inaelekea kuangukia mikononi mwa matajiri wenye kiburi, ilhali mafukara aliowaahidi urithi hawana hata karatasi ya kuonesha. Nancy anausaka wasia uliofichwa, na saa kongwe ndiyo inayompeleka kwenye ukweli.

Mpenzi wa mashairi hahitaji kufunzwa ladha ya jambo linalorejea. Kituo cha shairi hurudi kila ubeti kwa maneno yale yale, wala hakuna msikilizaji anayelalamika kuwa alikwishausikia mshororo huo. Anachokingojea ni njia atakayoipita mtungaji safari hii hata akakifikia. Ndivyo alivyo msomaji wa Nancy. Anajua mapema kwamba msichana huyu atatiwa hatarini, kama anavyofungiwa kabatini na wezi katika kitabu hicho cha mwanzo, na anajua kuwa atasalimika. Kwa kuwa hana khofu juu ya mwisho, macho yake yanabaki huru kuiangalia njia: nyayo, kufuli, neno lililomponyoka mtu kwa bahati mbaya. Uhakika huo haumlazi. Humfanya asome kwa makini zaidi.

Chini ya kituo hicho iko ahadi nyingine iliyo nzito zaidi. Kijana wa umri huo huona mengi na husikilizwa machache. Katika riwaya hizi, baba humuuliza binti yake maoni, naye binti hujibu kwa hoja na ushahidi. Dhulma nayo haichukuliwi kuwa ni majaaliwa: imefichwa mahali fulani na mtu fulani, na mwenye subira anaweza kuifichua. Sonia Sotomayor, aliyeingia Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2009, amewahi kueleza kwamba utotoni vitabu vya Nancy Drew ndivyo vilivyomtia hamu ya kuwa mpelelezi.

Hata hivyo, fani peke yake haitoshi kueleza mvuto huu. Kalibu ilikuwa ya Edward Stratemeyer, mfanyabiashara wa vitabu aliyebuni visa, akaviandikia muhtasari, na kuwapa waandishi wa kukodiwa wavijaze. Carolyn Keene, ambaye jina lake limo juu ya majalada, hakupata kuzaliwa. Aliyeandika vitabu 23 kati ya 30 vya mwanzo ni Mildred Wirt Benson wa Iowa, ambaye kwa vitabu vya awali alilipwa dola 125 kwa kila kimoja, na kwa mkataba akaliachia jina lake. Mshairi wa mwambao, hata akitunga katika bahari iliyotumiwa na mamia kabla yake, aghalabu hulitaja jina lake katika beti za tamati, ili ijulikane sauti ni ya nani. Benson hakuwa na tamati. Jina lake lilitajwa mbele ya watu mwaka 1980 tu, alipotoa ushahidi mahakamani katika kesi ya wachapishaji.

Kwamba sauti hiyo ilikuwa na thamani yake kulionekana pale ilipoguswa. Kuanzia 1959, Harriet Adams, binti yake Stratemeyer, alisimamia kazi ya kuviandika upya vitabu vya zamani. Sababu moja ilikuwa ya haki: toleo la 1930 lilimchora Jeff Tucker, mlinzi mweusi wa nyumba, kama mlevi wa kuchekwa. Lakini dawa iliyotumiwa ilikuwa ni kumfanya Mzungu. Dharau ikaondoka, na mtu mweusi akaondoka nayo. Nancy naye akaongezwa umri hadi miaka 18, akatiwa adabu, na ule ujeuri wake wa kuwajibu wakubwa ukapunguzwa. Kituo kilibaki kama kilivyokuwa, ila pumzi ya anayekiimba ilipungua.

Msomaji wa Visiwani analo la kulinganisha. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na vitabu vilivyofuata, aliichukua kalibu ya mpelelezi mwenye kiko kutoka Uingereza, lakini mazungumzo ya Bwana Msa hakuna awezaye kuyadhania kuwa ni ya mtu mwingine. Naye jina lake limo juu ya jalada.

Basi mhakiki anayezidharau riwaya hizi kwa kuwa zinafanana anazilaumu kwa kile kinachozipa uhai. La kuuliza mbele ya kila kitabu cha mfululizo ndilo linaloulizwa mbele ya kila shairi: katika bahari hii ya watu wote, sauti inayosikika ni ya nani, na je, mwenyewe amelipwa haki yake?