Filamu ya Sinema Chini ya Meru

Kopo moja la filamu ya sinema lina mkanda wa mita 122. Kamera ya sinema, inayopiga picha 24 kila sekunde, huumaliza kwa dakika nne na nusu hivi. Mpiga picha za mnato akilipata kopo hilohilo, akaukata mkanda na kuujaza kwenye kaseti za kamera ya kawaida, hupata kaseti zipatazo 70, yaani picha 2,500 na ushei. Kwa mtu wa Arusha asiye na haraka, hizo zinamtosha kutoka masika moja hadi nyingine.

Kamera hizi zenyewe ni uzao wa sinema. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz huko Ujerumani, alichukua mkanda wa sinema wa milimita 35, akaulaza ubavu, akaunganisha nafasi za picha mbili za sinema zikawa picha moja ya milimita 24 kwa 36. Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925, kipimo hicho kilienea duniani kote.

Arusha nayo si mgeni wa filamu hiyo. Kati ya mwisho wa 1960 na mwanzo wa 1961, Howard Hawks alileta watu wake Tanganyika kutengeneza Hatari!, na Momella, mashariki ya Mlima Meru, ikawa mojawapo ya mandhari yake. Sinema ilitoka mwaka 1962, na mpiga picha wake mkuu, Russell Harlan, akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya upigaji picha za rangi. Filamu za rangi za sinema za miaka hiyo zilikuwa na kasi ya kudaka mwanga ya 50 tu. Kodak Vision3 500T ya leo ina kasi mara kumi ya hiyo, hivyo mtu anaweza kuipiga usiku huku ameishika kamera mkononi.

Herufi T ndiyo inayomtofautisha fundi na mbahatishaji. Maana yake ni tungsteni, yaani filamu hii ilitengenezwa kwa mwanga wa balbu za kuigizia, wa kelvini 3,200. Jua la mchana lina kelvini 5,500 hivi, na chini ya wingu au ndani ya msitu zinapanda zaidi. Ukiitoa 500T asubuhi ya Julai, Meru ikiwa imejifunika, picha nzima hugeuka buluu. Kuna anayeutaka ubuluu huo, kwa kuwa unafanana na baridi ya Arusha ya mwezi ule. Asiyeutaka hufunga kichujio cha rangi ya chungwa, namba 85, akakubali kasi ishuke hadi 320. Mwingine huchukua 250D, iliyotengenezwa kwa ajili ya jua. Uamuzi wote huu hufanyika kabla kaseti haijaingia kwenye kamera, na hauna njia ya kuufuta papo kwa papo.

Malipo yake yanaonekana Momella. Kreta ya Meru imebomoka upande wa mashariki, kwa hiyo jua la alfajiri huingia moja kwa moja na kuuangaza ukuta wa mwamba na kilima cha majivu kilicho ndani yake, wakati msitu wa chini bado una giza. Filamu ya sinema ina ulaini wa makusudi: haikazi weusi wala weupe, kwa sababu watu wa sinema huzirekebisha rangi baadaye. Mwamba unabaki na mikunjo yake na msitu unabaki na majani yake. Mtihani mgumu zaidi ni mbega, mweusi tii mwenye manyoya meupe mgongoni, aliyekaa kwenye kivuli cha mti. Mpiga picha hupima mwanga wa manyoya meusi, akaupa mkanda mwanga wa kutosha, na weupe ukajitunza wenyewe.

Kazi ya mikono huanza gizani. Mkanda hukatwa kwa kupapasa, na kipimo cha zamani cha pima, mikono miwili iliyonyooshwa, kinatosha kaseti moja ya picha 36. Kisha, picha zikishapigwa, unakuja usafishaji, ambao mashine za kawaida haziuwezi. Mgongoni mwa filamu ya sinema kuna tabaka jeusi la kaboni, masizi hasa, linalozuia umeme tuli na mikwaruzo na kumeza mwanga uliopenya. Likiingia kwenye mashine ya picha za kawaida, linaichafulia dawa yote.

Linalolegeza masizi hayo ni maji ya uvuguvugu yenye magadi au soda ya kupikia. Fundi humimina maji hayo kwenye tangi lililofungwa, hutikisa kwa nguvu, humwaga. Maji hutoka meusi. Humimina tena na kumwaga tena, mpaka yatoke meupe. Dawa yenyewe ya kutokeza picha, ya mchakato uitwao ECN-2, inataka nyuzi joto 41 kwa dakika tatu, na katika baridi ya Arusha hiyo ina maana ya beseni la maji moto na chupa ya chai pembeni ya kuongezea. Mwisho mkanda hutundikwa na mgongo wake kupanguswa kwa sponji, taratibu, kutoka juu hadi chini. Chembe ya masizi iliyosahaulika hutokea kwenye picha kama doa jeupe.

Kampuni ya CineStill huuza filamu iliyokwisha kuondolewa tabaka hilo. Piga nayo usiku karibu na Mnara wa Saa mjini Arusha: mwanga wa taa za daladala hupenya mkanda, hugonga nyuma na kurudi kwenye tabaka la rangi nyekundu lililo chini kabisa, na kila taa huvaa duara jekundu. Wengi hulipenda duara hilo. Mimi naona taa inapendeza zaidi ikibaki taa.

Mwaka 2025 Kodak yenyewe ilianza kuachana na masizi hayo kwenye Vision3, ikaweka kinga nyingine. Kazi ya kusafisha itapungua, na sioni sababu ya kuililia. Iliyo ngumu zaidi inabaki palepale: kusimama Ngaramtoni au Tengeru, kulitazama wingu juu ya Meru, na kujua ni kaseti ipi ya kutia.