Asili ya Neno Wali na Pengo la Kamusi Zetu

Kamusi za Kiswahili, tangu ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, zina desturi ya kutaja asili ya neno pale tu linapokuwa la mkopo. Neno la Kibantu huachwa bila historia. Athari ya desturi hiyo inadhihirika katika kidahizo wali, ambacho hufasiliwa kuwa mchele uliopikwa, basi. Kwa kuwa mpunga huu ulitoka Asia, na kwa kuwa kipo kidahizo kingine wali, chenye maana ya gavana, kilichotoka Kiarabu, msomaji huweza kudhani kwamba chakula hiki nacho kilivuka bahari pamoja na jina lake.

Sarufi inapinga dhana hiyo. Husemwa wali umeiva, kama isemwavyo ugali umeiva. Sauti w ya mwanzo ni kiambishi u- kilichotangulia irabu, kama katika wimbo na wembe. Kinachobaki ni mzizi -ali. Mzizi huo unalingana na -gali ya Kisukuma bugali, kwani Kiswahili kilidondosha g ya kale katika maneno kadhaa: linganisha -enda na -genda ya Kiganda, au -amba na -gamba. Kibemba kina ubwali. Kigiriama, ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, kina wari. Katika lugha hizo zote tatu, Kisukuma, Kibemba na Kigiriama, maana ni sima. Kiswahili ndicho kilichohamishia jina hilo kwenye mchele.

Akiolojia ya Pemba inatoa mwanga juu ya uhamisho huo. Huko Tumbe, katika karne ya 7 hadi ya 10, uwele ndio uliotawala, ingawa mchele ulikuwepo. Huko Chwaka, kuanzia karne ya 11, mchele ulishika nafasi ya kwanza. Nafaka ilibadilika, jina la chakula kikuu likabaki. Neno ugali, kwa kuwa limehifadhi g, yaelekea liliingia baadaye kutoka lugha za bara. Mombasa hadi leo husema sima.

Kwa hiyo wali si ushahidi wa ugeni, bali wa wenyeji waliokipa chakula kipya jina lao la kale. Mwanaleksikografia anayetaja asili ya maneno ya mkopo pekee huwafundisha wasomaji, bila kukusudia, kwamba Ubantu wa Kiswahili hauna historia.