Kilio Nyumbani kwa Jenerali: Filamu "La Llorona" na Swali la Toba

Wakristo wengi huziepuka filamu za mizuka, wala si bila sababu. Hata hivyo, filamu ya Kihispania iitwayo La Llorona, yaani Mwanamke Aliaye, iliyoongozwa na Jayro Bustamante wa Guatemala mwaka 2019, yastahili kutazamwa na watumishi wa Neno, kwa kuwa inagusa kiini cha huduma yetu.

Katika Amerika ya Kilatini watu husimulia juu ya mwanamke aliyeachwa na mumewe, akawazamisha watoto wake mtoni, na tangu hapo hutangatanga usiku akiwalilia. Bustamante ameigeuza hadithi hiyo. Katika filamu yake, waliowazamisha watoto ni askari. Kwa badiliko hilo moja, lawama aliyobebeshwa mama kwa vizazi vingi inarudishwa kwa muuaji.

Muuaji huyo ni Jenerali Enrique Monteverde, mzee anayeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya Wamaya wa jamii ya Ixil. Anatiwa hatiani, kisha hukumu inatenguliwa. Waandamanaji wanaizingira nyumba yake wakishika picha za waliopotea, na usiku yeye anasikia kilio. Watumishi wanaondoka, anakuja msichana wa kazi mpya, Alma. Hapa hatusomi mambo ya kubuni tu. Efraín Ríos Montt, aliyetawala Guatemala mwaka 1982 hadi 1983 na kuhubiri katika televisheni, alihukumiwa kifungo cha miaka 80 tarehe 10 Mei 2013. Siku kumi baadaye Mahakama ya Katiba ikatengua hukumu hiyo, naye akafariki mwaka 2018. Tukumbuke pia kwamba Askofu Juan Gerardi aliuawa mwaka 1998, siku mbili baada ya kutoa taarifa juu ya mauaji ya vita hiyo. Hivyo jina la Kristo lilitajwa na mtawala, na vilevile na yule aliyewasemea waliouawa.

Ungamo la Augsburg, kifungu cha 12, lafundisha kwamba toba ina sehemu mbili: hofu inayoipiga dhamiri inapoitambua dhambi, na imani inayopokea ondoleo. Tukiipima filamu kwa fundisho hilo, twaona jambo zito. Jenerali ana hofu, lakini haitambui dhambi. Anashika bunduki badala ya kukiri. Mkewe, Carmen, ambaye mwanzoni anawadharau mashahidi, anaota ndoto ambamo yeye mwenyewe ndiye mama anayekimbia na watoto wake mbele ya askari. Anaitambua dhambi kwa kuwekwa mahali pa aliyetendwa. Lakini hakuna anayemtangazia ondoleo, na mikono yake inaishia shingoni mwa mumewe. Sheria imefanya kazi yake yote, Injili haikuja.

Wengine watasema hiyo ndiyo kasoro ya filamu. Sisi twadhani kasoro iko kwingine: Alma hasemi karibu lolote, na hivyo mwanamke wa Kimaya anabaki ishara zaidi kuliko mtu. Tukio lenye nguvu kuliko yote halina mzuka wowote. Ni lile la mahakamani, ambapo mwanamke wa Ixil, akiwa na utaji usoni, anatoa ushahidi kwa lugha yake. Huko ndiko kilio kinapopata maneno.

Kuhusu kukosekana kwa Injili, swali hilo laturudia sisi. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini kabla Kaini hajaulizwa habari za ndugu yake, na Mungu alianza kwa kuuliza. Mchungaji anayehimiza msamaha huku waliofiwa hawajasikilizwa, na mtenda dhambi hajaitaja dhambi yake, anauruka utaratibu huo. Twapendekeza filamu hii itazamwe na wanafunzi wanaojiandaa kwa huduma ya ungamo, nao wajiulize: je, kama Carmen angebisha hodi ofisini kwa mchungaji asubuhi ile baada ya ndoto, angeambiwa nini?