"Nafsi Hai": Usemi Mmoja Uliogawanywa

Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, yastahili heshima yetu. Hata hivyo, katika sura mbili za kwanza za Mwanzo wafasiri walifanya uchaguzi mmoja ambao haukosi madhara katika mahubiri. Usemi wa Kiebrania nefesh hayya wameufasiri "kiumbe hai" unapohusu wanyama (Mwa. 1:24), na "nafsi hai" unapohusu mtu (Mwa. 2:7). Asiyejua Kiebrania hudhani kwamba Maandiko yenyewe yamejenga ukuta hapo. Sivyo. Usemi ni ule ule, na wote, mtu na mnyama, wanatolewa katika ardhi moja (2:7, 19).

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi wa sekondari afundishwapo kwamba viumbe vyote vina asili moja, mara nyingi husikia mimbarini kwamba hana budi kuchagua kati ya darasa na imani. Husikia pia kwamba mtu ametokana na nyani hawa wa leo, hali Darwin alifundisha kwamba wote wawili wametokana na wahenga wamoja waliokwisha kutoweka.

Igawa iko kati ya makao mawili ya kipunji: misitu ya Rungwe na Livingstone upande mmoja, na Ndundulu ya Udzungwa upande wa pili. Mnyama huyu, ambaye wenyeji wa Rungwe walimjua kabla wataalamu hawajamtangaza mwaka 2005, kwanza aliwekwa katika kundi la mangabei kwa sababu ya umbo lake. Mwaka 2006 uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kwamba yu karibu zaidi na nyani. Ushahidi wa namna hiyo hiyo ndio unaomweka mtu karibu na sokwe. Kwa haki gani tuupokee kwa kipunji na kuukataa kwetu?

Hata hivyo, tusimgeuze mwandishi wa Mwanzo kuwa mwalimu wa biolojia, hakukusudia hilo. Twasema tu kwamba hakukanusha undugu wa mwili. Kinachomtenga mtu ni mfano wa Mungu (1:27), yaani heshima na wito aliopewa, wala si udongo wa namna nyingine. Luther naye, akieleza kifungu cha kwanza cha Imani katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alikiri kwamba Mungu amemuumba yeye pamoja na viumbe vyote.

Basi mchungaji asomapo sura hizi ibadani, awaeleze washarika kwamba usemi ni mmoja.