Akiba ya Pindo

Julai ya mwaka jana, baridi ya Iringa ikiwa imekaza, nilitumwa Kihesa kwenda kufunga chumba cha shangazi yangu. Mwenyewe alikwishahamia Mbeya kwa binti yake, kwa sababu ya macho. Maagizo yake kwenye simu yalikuwa mafupi: nguo gawa, vyombo gawa, kitanda mpe jirani, sanduku la ushonaji lilete kama lilivyo, usilipekue. Nililipekua. Nilikaa sakafuni toka saa nne asubuhi mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama bado nipo, na mpaka wakati huo hata kitanda kilikuwa hakijatoka.

Ni sanduku la bati la kijani, yale ya wanafunzi wa bweni, na ndani yake hamna kitu hata kimoja kipya. Vifungo vimetungwa kwenye uzi kwa koo zake: vya shati moja pamoja, sita au saba, na kwenye fundo la kila uzi kumeshonwa kijipande cha shati lenyewe, ili ijulikane vimetoka kwa nani. Zipu za suruali zilizokufa zimeviringishwa na kufungwa kwa uzi mwekundu. Kuna nusu wembe ndani ya kiberiti, kastabini mbili, moja imetoboka, futi kamba iliyofutika namba mpaka sentimita ya thelathini, na nyuzi za urefu wa mkono, wa shubiri, wa kidole, zimezungushwa kwenye vikaratasi vya gazeti. Kuna kola tupu bila mashati. Kuna vipande vya khanga, na kimoja kimebaki na neno moja tu la jina lake: LAKINI. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu nikijaribu kukumbuka maneno yale yalikuwa yanaelekea wapi.

Watu wakimsifu fundi husifu alivyoshona. Shangazi nilimwona zaidi akifumua. Alikuwa na namna yake: anaukata mshono kwa ncha ya wembe, anaruka tundu tatu nne, anakata tena, anaenda hivyo mpaka mwisho, halafu anageuza nguo upande wa pili, anashika uzi wa chini, anauvuta mara moja. Mshono mzima unafunguka kwa sauti ndogo kama ya mtu anayekung'uta ugoro, na kitambaa hakina jeraha. Nilikuwa nikimwomba anisubiri nije nivute mimi. Alinisubiri. Uzi uliotoka haukutupwa, ulikwenda kwenye kikaratasi, ukatumika kupigia bandi nguo nyingine kabla haijaingia kwenye cherehani.

Cherehani yenyewe, Singer ya miguu, iliuzwa zamani kulipa ada ya mmoja wetu. Hakuwahi kuizungumzia sana. Alisema mkono ulikuwepo kabla yake.

Kitu kilichonirudisha utotoni pale sakafuni ni kipande cha sketi yangu ya shule. Niliijua kabla sijaigeuza. Nilishonewa nikiingia darasa la tatu, ya bluu, marinda mbele na nyuma, na pindo la vidole vinne lililokunjwa mara mbili, zito kama limewekewa mchanga. Wenzangu walicheka kwamba nimevaa godoro. Shangazi aliita ile sehemu iliyokunjwa akiba. Akiba ya pindo, akiba ya kiuno, akiba ya ubavuni. Kila Januari, siku chache kabla shule hazijafunguliwa, alinisimamisha juu ya kigoda, akapiga magoti, akanitazama magoti yangu badala ya uso, akasema: "Umeongezeka." Kisha akafumua, akashusha vidole viwili au kimoja, kadiri mwaka ulivyokuwa umenilisha.

Pale palipokuwa na mkunjo wa zamani palibaki mstari mweupe usiofutika, hata ukipiga pasi ya mkaa mpaka mvuke uishe. Na chini ya mstari kitambaa kilikuwa bado na rangi yake ya dukani, kwa kuwa kilikuwa kimelala ndani bila kuona jua wala vumbi jekundu la Kihesa wala sabuni ya mche. Mwaka uliofuata mstari wa pili, na chini yake bluu iliyokoza zaidi. Nilipofika darasa la sita sketi yangu ilikuwa na mistari mitatu na bluu nne, iliyopauka kabisa juu na mbichi kabisa chini. Mwalimu wetu mmoja alituambia umri wa mti husomwa kwenye pete zake, na darasa zima likageuka kunitazama. Niliona aibu siku ile. Sasa natafuta mtoto mwenye sketi ya namna hiyo, kuanzia Ipogolo mpaka Uyole, na sijamwona.

Hesabu yake ndiyo inayonishangaza. Mtu anakata kitambaa cha leo akiwa amekwisha kumweka mezani mtoto wa miaka minne ijayo, urefu wake, kiuno chake, na labda hata mdogo wake atakayeirithi. Na alikata hivyo wakati kitambaa kilikuwa hakipatikani. Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita ya Kagera, doti ya kitenge cha Urafiki ilikuwa habari ya mtaa mzima. Kiwanda kile kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kitenge chake kilipofika kwenye duka la ushirika tulipanga foleni kabla jogoo hajawika, akina mama wakiwa wamejifunga blanketi. Kaka yangu alishonewa shati kwa mfuko wa unga wa ngano. Lilichemshwa, likafuliwa, likaanikwa umande, na bado herufi zikabaki mgongoni kama kivuli. Hata shati lile lilikuwa na akiba. Ungedhani mtu mwenye shida ya kitambaa angebana. Shangazi alikuwa akisema kitambaa kikiwa kidogo ndipo pindo liwe kubwa, kwa sababu hujui kingine kitakuja lini.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alikuwa na mashati mawili ya kazi. Kola ya shati huchakaa pale inapokutana na ndevu za shingoni. Inaota manyoya, kisha inapasuka mkunjoni, huku shati lingine lote likiwa bado zima. Jumamosi moja kwa mwaka shangazi alikuja nyumbani, akafumua kola, akaigeuza, upande wa chini ukawa juu, akaishona tena palepale. Upande wa chini ulikuwa haujawahi kuona mwanga. Kwa hiyo baba alirudi darasani Jumatatu na shati la zamani lenye shingo ya kijana, na kwa siku kadhaa alitembea ameinua kidevu. Kola zile tupu nilizokuta sandukuni ni zile zilizokwisha kugeuzwa mara moja na kuchakaa pande zote mbili. Kwa nini alizitunza sijui. Labda kwa kuzipimia nyingine.

Chini kabisa kulikuwa na kipande cha merikani, kizito, kimekuwa cha manjano. Kitambaa hicho kilipata jina lake kwa sababu kilitoka kwenye viwanda vya Massachusetts na kushushwa Zanzibar tangu miaka ya 1830, kikapanda bara mabegani mwa wapagazi, kikawa pesa kabla pesa haijawa. Cha shangazi hakikutoka huko. Hicho ni jina tu lililobaki. Alikuwa akikitumia kutilia bitana na kukunjia pindo za mgolole wa wazee, ambao kwa Wahehe ni vazi la mtu mwenye kauli, na mwenye kauli hawezi kusimama barazani nyuzi zinaning'inia.

Ubaya wa sasa ulinipata mwezi mmoja kabla ya safari hiyo ya Kihesa. Nilimnunulia binti yangu wa mwisho sketi ya sare kwenye duka moja, sitalitaja, ya bei nzuri, kwenye mfuko wa nailoni. Januari mpaka Juni alikuwa ameipita. Nikachukua wembe, nikajifanya shangazi, nikafumua. Pindo lote lilikuwa kama nusu sentimita, limepigwa ovaloki ukingoni na kukatwa papo hapo. Nilipovuta uzi likasambaratika lenyewe, likawa shungi. Ubavuni hivyo hivyo. Kiunoni lastiki imeshonewa moja kwa moja kwenye kitambaa, huwezi kuitoa bila kukitoboa. Sketi imekatwa kwa kipimo cha mtoto wa siku ile ile aliyoivaa.

Sitaki kumtupia mtu lawama ambayo si yake. Nimekaa Mwanjelwa, Mbeya, kwenye soko lililojengwa upya baada ya lile la zamani kuungua mwaka 2006, nikamwangalia kijana mmoja akishona gauni la kitenge kilichoingia kwa njia ya Tunduma. Mkono wake ni mwepesi, mstari wake umenyooka, marinda yake yanahesabika. Nilimuuliza mbona anakata ukingo wote. Akanitazama kwa adabu. "Mama, mteja anataka kesho ana sherehe. Na akinenepa atashona lingine." Analipwa kwa nguo, halipwi kwa miaka ambayo nguo itaishi. Mitumba nayo hulaumiwa kupita kiasi. Tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 tumeivaa sote, hata mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipopanga kuiondoa hatua kwa hatua haikuondoka Tanzania, na nusu ya zipu za shangazi zimetoka humo. Wakati mwingine ndani ya koti kuukuu la Ulaya ndimo utakapokuta akiba ya vidole viwili, fundi wa huko wa zamani naye alikuwa akimwazia mtu.

Wenye kosa ni sisi tuliolipa. Tulianza kuona haya mistari ya pindo.

Vipande vya vitenge vya sandukuni nilivyodhani havina mwenyewe nilifikiria kuviacha Neema Crafts, pale mjini Iringa, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako mafundi wenye ulemavu wanashona na kufuma, na kipande bado kinahesabiwa kuwa kitambaa. Lakini niliambiwa kama lilivyo. Nikafunga sanduku kwa kamba, nikapanda basi. Kondakta alilinyanyua Makambako kupisha mizigo akaniuliza kama nimebeba misumari. Vifungo, nikamwambia. Akadhani namtania.

Shangazi alikuwa amekaa juani nyuma ya nyumba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema kamwene ya Kihehe, kama anayekumbuka kwamba mimi ni wa Iringa, na mkono wake ukawa umekwisha kufika kwenye kamba. Alijua limepekuliwa kabla hajafungua. Alichukua uzi mmoja wa vifungo, akapitisha kidole gumba. "Vya baba yako, lile la mistari." Akachukua mwingine. "Hivi vya mfupa ni vya padri." Wa tatu aliushika zaidi, akaurudisha bila kusema.

Nilikuwa nimebeba ile sketi ya binti yangu. Nikampa. Akaizungusha yote, akipapasa ukingo kati ya vidole viwili, polepole, kama anayetafuta mlango ukutani. Alifika alikoanzia.

"Huyu mtoto mbona hawakumtegemea akue?"

Sikuwa na la kujibu. Akaniagiza kipande cha bluu. Kilichokuwepo ni kile cha sketi yangu, sehemu ya chini kabisa, ile ambayo haikuwahi kuteremshwa. Akakipima kwa shubiri, akakikunja, akasema kitatosha kumpa pindo la kubandika, vidole vitatu, na kimoja kibaki ndani. Nikamtungia uzi. Alishona kwa mkono mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia miguuni, tundu zake zikienda upande kidogo, macho yake kwenye mlima Loleza ambao nadhani hauoni tena. Akafunga fundo, akakata kwa meno. Uzi uliobaki ulikuwa urefu wa kidole. Akauzungusha kwenye kikaratasi cha gazeti, akanipa niurudishe sandukuni.