Pongezi kwa wanaobisha hodi

Mwenye gari na bima hufika hospitali mapema. Mama wa kijijini asiye na nauli hungoja mpaka homa ya mtoto imzidi. Pengo hilo ndilo linalozibwa kila siku na wahudumu wa afya ya jamii wa Kenya, nami nawavulia kofia.

Wengi wao ni wanawake, na kila mmoja huhudumia takriban kaya 100. Anakaribishwa kibarazani, anafungua mkoba wake, anatoa utepe wa rangi wa kupima lishe na kuuzungusha kwenye mkono wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Rangi ya kijani, hali ni njema. Njano, aangaliwe kwa karibu. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, apelekwe kituoni bila kukawia. Bibi naye hupimwa presha papo hapo, maana huenda hajawahi kupimwa maisha yake yote.

Kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa ya kujitolea tu, shukrani ikiwa ndiyo ujira. Mwaka 2023 zaidi ya wahudumu 100,000 waliahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti, wakapewa na mikoba ya vifaa. Ni hatua kubwa, ila kwangu posho hiyo bado ni ndogo mno. Anayemfikishia maskini haki ya matibabu asicheleweshewe haki yake mwenyewe: alipwe kwa wakati, na vipimo vikiisha mkobani viletwe vingine.